Mjomba Aligeuza Uso

Buswahili,
2 Machi 2025

Mpwa wangu Flora,

Habari ya wodi? Natumaini miguu yako bado iko juu ya mito kama daktari alivyoagiza, na huyo wa tumboni anakupiga mateke ya adabu. Huku mimi mzima, isipokuwa pua.

Usishangae kuona barua kama enzi za babu yako. Simu yangu imetumbukia chooni. Nilikuwa namwaga uchafu wa nepi ya Wegesa, uso nimegeuza, pua nimebana kwa mkono wa kushoto, simu ikachomoka mfuko wa shati ikaenda zake. Niliisikia ikiita kule chini. Nadhani ulikuwa wewe. Nisamehe, sikupokea. Clever, yule anayepelekaga maziwa Musoma kwa pikipiki, amekubali kuwa posta yetu.

Sasa habari yenyewe. Mwanao anaendesha. Nilipomwambia Clever hivyo akauliza, "Anaendesha nini, na miguu haijafika chini?" Anaendesha tumbo, mama, leo siku ya nane, mara sita mpaka saba kwa siku. Mtoto wa miezi kumi na sita harufu hiyo anaitoa wapi? Unanijua mimi. Ndimi niliyetapika kwenye harusi ya Pastory kwa kuona kichwa cha sangara kinaniangalia kutoka kwenye sahani. Mungu angenipa cherehani na vitambaa tu, ingetosha. Lakini shangazi yako Sabina yuko Bunda anamwuguza binti yetu uzazi, mumeo Amos yuko visiwani na nyavu, basi tumebaki mimi, mwanao na beseni.

Juzi nilimpeleka zahanati. Nesi Euphrasia akauliza, "Kuna damu kwenye choo?" Nikamjibu hapohapo, hakuna. Nimepewa ORS na vidonge vya zinki. Usiwe na wasiwasi, wewe lala.

Mjomba wako,
Stanislausi


Musoma,
4 Machi 2025

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Pole na pua. Mimi naendelea, nimelala chali kama dagaa juani. Daktari anasema nikisimama huyu mwingine anaweza kutoka, na bado miezi miwili na nusu. Ndiyo maana siwezi kuja, mjomba, ningeshakuja kwa miguu.

Zinki asiache hata akipata nafuu, ni siku kumi kamili. Chakula asinyimwe. Najua watu huko watasema tumbo lipumzike. Usiwasikilize, ale kidogokidogo mara nyingi. Na kila akijisaidia uniandikie choo kilikuwaje, rangi gani, kina makamasi au hakina, kina damu au hakina. Nesi wa hapa amesema akipita siku kumi na nne, au ikionekana damu hata siku moja, ni kukimbia. Mimi sina macho huko. Macho yangu ni wewe.

Mpwa wako,
Flora


Buswahili,
7 Machi 2025

Mpwa wangu,

Marahaba, marahaba sana. Dagaa juani wananuka, wewe jichagulie samaki mwingine.

Ripoti yako hii hapa. Jumatano mara sita, kijani cha skauti. Alhamisi mara tano, njano ya kwaya. Leo asubuhi mara mbili, kahawia ya kaunda suti. Makamasi hakuna, damu hakuna. Unaona nilivyo mtaalamu? Nikiacha ufundi wataniajiri maabara.

Amepungua mwili kidogo, halii sana kama zamani. Nasema anakua.

Mjomba wako,
Stanislausi


Musoma,
9 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo. Nimeisoma ripoti yako, nikafumba macho, nikaliona duka lako. Kijani cha skauti, njano ya kwaya, kahawia ya kaunda suti. Ndivyo vitambaa vilivyokaa kwenye shelfu yako, kuanzia kushoto. Nilivipanga mimi mwenyewe likizo ya kidato cha tatu. Kinachofuata ni nyeupe ya komunio, usije ukaniandikia na hiyo.

Nikamuuliza Clever. Hakutaka kusema, nikambana. Anasema huwa unaishika nepi kwa kijiti, unaikung'utia shimoni, uso umeelekea kwa jirani.

Mjomba, umeangalia hata mara moja? Na mtoto asiyelia hakui. Amechoka, na leo ni siku ya kumi na tano.

Mpwa wako,
Flora


Buswahili,
14 Machi 2025

Flora mwanangu,

Sina salamu ya kuanzia, nianze na mengine. Wegesa yuko hai na leo amekula.

Sikuwa nimeangalia. Hata mara moja. Barua yako ilifika Jumatatu, siku ya kumi na sita, nikiwa nimeshika nepi. Niliiweka chini kwenye jua, nikainama. Kulikuwa na makamasi kama mayai ya chura, na katikati damu. Si kidogo. Nilitapika pembeni, nikarudi nikaangalia tena kwa sababu nilitaka iwe si kweli. Ndipo nikamwangalia na mtoto mwenyewe, maana naye nilikuwa simwangalii vizuri, nilikuwa namshika kama mtu anayebeba jiko la moto. Macho yameingia ndani. Nilimfinya ngozi ya tumbo ikabaki imesimama kama pindo.

Clever alimwaga maziwa ya watu ili mzigo upungue, akatupakia kwenye pikipiki. Kufika zahanati, Euphrasia alimtazama mtoto, kisha akanitazama mimi. "Fundi, si ulisema damu hakuna?" Nikamwambia sikuwa nimeangalia, nilisikia kinyaa. Hakunitukana. Aliomba chupa ya kunyonyea. Akaichomoa ile chuchu, akaipindua nje ndani. Flora, mle ndani kulikuwa na utando wa kijani, maziwa yaliyoganda na kuoza. Mimi nilikuwaga naichovya tu kwenye ndoo, kwa sababu ikinuka siwezi kuiosha. Akaniwekea puani. "Nusa." Nikasema nesi, nitatapika. "Nusa, fundi. Mwenzako alikuwa anakunywa." Nikanusa, akina mama wote kwenye benchi wakiangalia. Hajanihakikishia kama ndiyo iliyoleta yote, ila aliishika kwa ncha za vidole viwili, uso ameugeuza, na uso ule niliutambua. Ulikuwa wangu. Alikuwa ananionea kinyaa mimi.

Gari la wagonjwa lilitupeleka hospitali Butiama, dripu, dawa ya kuhara damu, siku tatu. Jana tumerudi. Chupa nimeichoma moto, anakunywa kwa kikombe.

Mjomba wako,
kama bado unanihesabu,
Stanislausi


Musoma,
16 Machi 2025

Mjomba,

Nimesoma. Kwa sasa usinichekeshe. Wamenikataza kulia kwa sababu presha inapanda, basi nimelala hapa nikihesabu vigae vya dari.

Nilikuomba kitu kimoja tu.

Mama Wegesa


Buswahili,
23 Machi 2025

Flora,

Barua yako haikuwa na shikamoo. Sikuidai, na siidai.

Haya niliyaona kwa macho yangu, mchana, bila kijiti.

Tarehe 17, mara nne. Majimaji, makamasi, uzi mmoja mwekundu, urefu wa sindano ya cherehani. Tarehe 18, mara tatu. Makamasi yapo, damu sikuiona, nikachambua tena, sikuiona. Tarehe 19, mara tatu, kama uji wa ulezi uliokosa moto. Tarehe 20 na 21, mara mbili mbili, uji umeiva. Jana mara moja, kizito, na punje ya harage nzima. Zinki amemaliza. Dagaa namtwangia mwenyewe, pamoja na vichwa, na vyote vinaniangalia.

Sijazoea. Nisikudanganye tena, bado nanuka vidole usiku na mchana, na tarehe 18 chai yangu ilirudi yote. Ila natapika kwanza, halafu naangalia.

Leo saa moja na nusu asubuhi, kwenye poti: kimoja. Kahawia, lakini si ya kitambaa chochote nilicho nacho dukani. Kimeshikana. Hakitiririki, kimekaa peke yake, mwisho kimejikunja kidogo kama pindo lililoshonwa na mwanafunzi. Nilichuchumaa hapo muda mrefu. Nilimwita Clever aje aone, akakataa, "Mjomba, mimi nabeba maziwa ya watu!" Nikakiangalia peke yangu kwa niaba yako.

Halafu Wegesa naye akachungulia potini. Akageuza uso, akabana pua kwa mkono wa kushoto. Sijui amemuiga nani.

Stanislausi


Musoma,
24 Machi 2025

Shikamoo mjomba.

Na cha leo je?

Mpwa wako,
Flora