Trekta Haikuwa Ikikulilia, Baba

Baba,

Ni mimi, Nyar Kendu, mke wa mwanao mkubwa. Mtoto ananyonya huku naandika, kwa hivyo vumilia mwandiko. Nimechoka, lakini habari hii uisikie kwangu kabla wengine hawajaipamba.

Trekta yako ilikaribia kuondoka leo asubuhi. Lori la vyuma chakavu lilikuwa limeshaifunga mnyororo.

Siku tuliyokuzika uliona mwenyewe, kama huko mnaona. Shemeji Okoth aliiosha ikang'aa ili ikuvute mpaka kaburini. Ikawaka ikitetemeka kama mtu mwenye malaria, ekzosi ikilipuka, watu wakaruka. Ikabidi wanaume wakubebe mabegani. Kina mama wakasema, "Wacheni, inamlilia mwenyewe." Na mimi nikaamini. Tangu hapo hakuna aliyeigusa. Nani atafungua bonneti ya kitu kinachoomboleza?

Lakini mvua haiombolezi. Mawingu yamesimama upande wa ziwa, majirani wamelima, na sisi boma zima tunamngoja Mama, mjane wako. Si unajua hapa hakuna mwana anayelima kwake kabla shamba la mama yake halijalimwa. Na wale maksai wa jembe tuliwachinja matangani kwako. Mama akikosa kulima, tumekosa sote, na ghala nimeshalifagia mpaka chini.

Fundi alikuja kutoka Rongo. Akasikiliza, akasema silinda mbili za katikati zimekufa, gasketi imeungua kati yake, na ya trekta kuukuu namna hii hajui tutaitoa wapi. Okoth akakata tamaa, akawaita wale wa vyuma kutoka Isebania. "Shem, hiyo ni maiti," akaniambia. "Tumezika moja, tuondoe na ya pili."

Baba, hapo damu ilinipanda. Nikampa Mama mtoto, nikasimama mbele ya lori. "Niacheni niisikilize mara moja tu. Nikishindwa, ichukueni."

Dereva akacheka. "Mama watoto, utaitengeneza na mwiko?"

Mama akamdakia kabla sijafungua mdomo: "Fungua huo mnyororo, kijana, kabla mwiko haujakufikia wewe."

Okoth akapanda kitini, maana kiti cha baba mkwe mimi siwezi kukikalia hata ukiwa haupo. Mahali pangu ni kando ya bonneti. Hapo ndipo uliponifundishia, ingawa hukuwahi kunifundisha uso kwa uso. Heshima yetu haikuruhusu. Ulikuwa ukiongea na injini kwa sauti, mimi napepeta mtama hapo karibu, na nilijua maneno ni yangu. "Nakuchomoa waya moja moja, mzee wa chuma. Nikichomoa na mlio haubadiliki, hapo ndipo alipo mvivu."

Nikachomoa ya kwanza kwa koleo la mpini wa mpira. Injini ikataka kuzima. Nikairudisha. Ya pili, mlio ule ule. Ya tatu, ule ule. Ya nne, ikataka kuzima tena. Basi fundi hakukosea, wavivu ni wale wa katikati. Roho ikanishuka. Dereva akaanza kuokota mnyororo wake.

Lakini dalili za gasketi iliyoungua sikuziona: redieta haikutoa mapovu, na oili haikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Tukazima, nikafungua plagi zile mbili. Zimelowa petroli, zinanuka. Nikaziegemeza kwenye chuma, Okoth akapiga starta: cheche ya buluu, safi kabisa. Petroli ipo, moto upo, maji hayaingii. Sasa ni nini? Maziwa yanalowesha blauzi, mtoto analia kwa Mama.

Ndipo nikakusikia ukiigombeza: "Wewe hukuenda shule. Watu wanahesabu moja, mbili, tatu, nne. Wewe unawaka moja, tatu, nne, mbili."

Nikazifuata waya kwa kidole kutoka kwenye distributa, inayogawa moto kwa zamu. Baada ya ya kwanza, ya pili. Nikarudia, labda macho ni ya usingizi. Hapana. Ya pili ilikuwa imekaa mahali pa ya tatu, na ya tatu mahali pa ya pili.

"Okoth, siku ile ukiosha, ulizichomoa hizi?"

"Hizi mbili tu, zilikuwa na tope," akasema polepole. "Nilizirudisha kwa mpangilio, mbili kabla ya tatu."

Kwa mpangilio wa shule, Baba! Moto ulikuwa ukifika, lakini si kwa zamu yake, na petroli ikitoka mbichi kwenda kulipuka kwenye ekzosi. Hicho ndicho kilio tulichokuwa tunakihurumia.

Nikazibadilisha. "Washa." Ikashika, ikanguruma laini mpaka dereva mwenyewe akasema, "Ala!" Okoth alishuka, akaegemeza paji la uso kwenye tairi la nyuma, akakulilia. Kaburini hakulia. Nikamwacha amalize.

Sasa yuko shambani kwa Mama, naisikia injini ikipanda na kushuka. Kesho Mama atatia mbegu zake, halafu ndio sisi.

Baba, siwezi kukuahidi haitakufa. Ni chuma, na chuma kinachoka, hata mimi nachoka. Ninachokuahidi ni kwamba haitaondoka hapa kwa sababu ya mtu kukisia. Siku nikikuambia imekufa, jua nimeigusa kila mahali.

Lala sasa. Mtoto ameshiba, na Mama ananiita tuchague mbegu.

Wako,
Nyar Kendu