Kesi ya Chumba Namba Nne

Jumatatu, 22 Septemba 1975

Funga ya kumi na sita. Asubuhi nilikuwa chuoni na wasichana, wamekwama tena kwenye aya ile ile. Nimeloweka mbaazi. Nimeandika kurasa tatu za hadithi ya Inspekta Kheri kwenye meza ya jikoni, moshi machoni.

Mume wangu Salim alizisoma mara mbili akiwa amesimama, chaki sikioni. Baada ya alasiri akazisimulia barazani pa duka lake la ushonaji kana kwamba zimemjia hapo hapo. Anapofika penye maiti huchukua mkasi mkubwa, huufungua, huufunga polepole. Mkasi huo sikuuandika mimi. Nilisikiliza nyuma ya pazia nywele zikanisimama, mimi niliyeitunga.

Mabenchi yamejaa hadi kwa muuza mkaa. Kila Ramadhani watu wa Nateete, hapa Kampala, wanaingojea magharibi kwa hadithi, ila mwaka huu wamezidi. Hata wasiofunga wanakuja. Redioni ni amri na matangazo tu. Katika hadithi zetu mtu akifa, angalau kuna anayeulizia.

Hakuna anayejua kuwa mtunzi ni mimi. Mwalimu wa Kurani na majini na maiti! Wazazi wangewaondoa watoto. Na mbele ya watu koo hunikauka. Salim ana sauti, mimi nina daftari. Tumeridhika.

Jumanne, 23 Septemba

Niandike kesi ilipofika, nisijichanganye. Nyumba ya vyumba vya kupanga, Bwaise. Wapangaji watatu wa chumba namba nne wamekutwa wamekufa kitandani, mmoja baada ya mwingine, kila mara baada ya mvua. Miguu imelowa hadi vifundoni. Sakafu kavu. Inspekta Kheri anapeleleza na jini wake Faraji, anayeona yote lakini hawezi kutoa ushahidi, kwa kuwa mahakama haiapishi majini. Faraji hupiga chafya kila anapopita Sajini Doka, msaidizi wa Inspekta anayekaa chumba namba tano. Watu hucheka kwenye chafya. Hawajui kuwa ndiyo ufunguo.

Muuaji ni Sajini Doka. Salim sijamwambia. Mume wangu hana kifua. Mwaka jana alimnong'oneza muuza maziwa mwisho siku tatu kabla, Nateete nzima ikajua. Tangu hapo nampa kurasa za siku moja tu.

Bi Nunu leo alimgombeza Inspekta Kheri kwa uzembe. Mjane huyu huja na kiti chake kichwani na hukiweka mbele ya wote. Kwake yeye muuaji ni mwenye nyumba, kwa sababu ana ufunguo wa akiba. Ushahidi upo, mbona hamkamati? Salim akamwambia Inspekta bado anafikiri. Bi Nunu akasema anafikiri sana, watu wanakwisha.

Nampenda mama huyu.

Alhamisi, 25 Septemba

Mvua. Bi Nunu hakuja. Hakosi hata akiwa na homa. Nimempelekea uji wa pilipili manga, nikakuta mlango umefungwa.

Ijumaa, 26 Septemba

Wamemchukua Salim.

Baada ya swala ya Ijumaa. Askari wawili, injini ya gari ikinguruma. Alikuwa anampima mtu suruali. Aliweka utepe mezani, akaukunja kwanza. Walisema anaeneza habari za mauaji Bwaise. Mteja alitoka na suruali yenye pini.

Kurasa za leo zimebaki mfukoni mwa koti lake, ukutani. Kula siwezi. Nimefuturu maji.

Jumamosi, 27 Septemba

Mama Akello amekuja kwa mlango wa jikoni. Amepanga chumba nyuma yetu. Mumewe ni konstebo wa polisi Naguru, kituo kile kile alikopelekwa Salim. Huwa anakaa benchi la mwisho na haongei. Ndiye aliyenieleza.

Bi Nunu alipanda basi Alhamisi akaenda Naguru. Akasimama kaunta akasema anamjua anayewaua wapangaji wa Bwaise. Ni mwenye nyumba, ana ufunguo wa akiba. Walipomuuliza nani kamwambia, akasema wamuulize Inspekta Kheri, na kama Inspekta ana kazi, wamuulize Salim fundi wa Nateete. Wakamtafuta Inspekta Kheri kwenye daftari lao la maafisa. Hayumo.

Kwa hiyo ama watu wanauawa Bwaise na Salim anajua, ama hawauawi na Salim anaeneza uvumi. Yote mawili ni mabaya.

Bi Nunu anajua hadithi ni hadithi. Naapa anajua. Ila ameipenda hadi akaona ni lazima iwe na nyumba mahali fulani, na watu ndani yake wa kuokolewa. Amejifungia kwake.

Leo namchukia.

Jumapili, 28 Septemba

Hakuna aliyebisha hodi. Wasichana wamekuja wanne tu. Mabenchi yako tupu na muuza mkaa amesogeza magunia yake mbali na duka. Wale wote waliokuwa wakimshika Salim mkono na kumwomba aongeze kidogo.

Siwezi kuwalaumu. Mwaka jana walipomchukua fundi saa wa mtaa wa pili, nilimsikia mkewe akilia. Nikaongeza kuni jikoni. Sikwenda. Fundi saa hajarudi.

Mama Akello anapeleka futari ya Salim. Anasema yu mzima. Kila alasiri wanamtoa, anawasimulia tangu mwanzo, ili aonyeshe kuwa ni hadithi kweli. Siku ya kwanza walikuwa askari watatu. Jana hata walio mapumzikoni walikuja, wakingoja magharibi kama watu wa kwetu. Mkubwa wao analeta kiti chake mwenyewe. Nilicheka. Kisha nikalia.

Jumatatu, 29 Septemba

Mama Akello amerudi na uso mzito. Salim amefika mwisho wa anachokijua. Jana aliwazungusha, akaeleza kofia ya Inspekta hadi adhana. Wanadhani anaficha.

"Mkubwa anasema jini haiwezi kupiga chafya ya bure," aliniambia. "Anasema muuaji ni ile sajini. Anasema kama mwisho ni askari, hiyo si hadithi tena, hiyo ni kutukana serikali. Amempa mpaka kesho."

Nimepata msikilizaji mzuri namna hii, naye ndiye atakayeniulia mume.

Nimeuchoma mwisho wangu kwenye sigiri ya mkaa. Kurasa tisa. Ulikuwa mzuri. Sasa nahitaji mwingine, na chafya haiwezi kufutwa, wameshaisikia. Miguu iliyolowa pia. Nikidanganya, mkubwa yule atajua.

Jumanne, 30 Septemba

Niliupata alfajiri, nikiosha sufuria ya daku.  Haukutoka kwenye akili yangu ya kutunga. Ulitoka kwa mke wa fundi saa.

Hakuna muuaji. Kabla ya wale watatu, chumba namba nne alikaa kibarua mmoja, Musa. Mafuriko yalikuja amelala. Majirani waliyasikia maji, wakapanda juu ya mapaa, hakuna aliyemgongea mlango. Alikufa maji. Tangu hapo mvua ikinyesha, Musa huzunguka akigonga, ili asife mwingine usingizini. Wale watatu walitoka, wakakanyaga maji uani, wakamwona anayewaita. Wakakimbia kurudi kitandani, na moyo ukasimama hapo. Maji yakapungua kabla ya kufika ndani, sakafu ikabaki kavu.

Sajini Doka naye aligongewa. Alifungua, akasema asante jirani. Akaishi. Ila unyevu wa Musa umemganda, na Faraji hupiga chafya penye unyevu.

Karatasi haiwezi kupita, wanafunua vyakula. Mama Akello hajui kusoma. Nikamketisha jikoni nikamsimulia kwa mdomo, akarudia, nikasahihisha, akarudia. Koo halikunikauka. Katikati aliniangalia.

"Kumbe ni wewe."

"Ni mimi."

"Siku yote hiyo, wewe ulikuwa nyuma ya pazia?"

Nilitikisa kichwa kukubali. Tulipofika kwa Musa anayegonga, alifunika uso kwa kanga. Nikajua mwisho umekaa. Ameondoka na kikapu saa tisa. Amwambie Salim sikioni wakati wa kumpa chakula. Ni hivyo tu.

Sasa ni magharibi. Hajarudi. Namwomba Mungu anisamehe majini yote niliyowahi kuandika.

Jumatano, 1 Oktoba

Amerudi.

Jana muda mfupi baada ya adhana, kwa miguu yake, Mama Akello nyuma yake na kikapu kitupu. Amekonda. Mguu mmoja anaukanyagia kando na hajasema kwa nini. Nilimshika masikio kama mtoto. Hakuweza kutamka kitu. Sauti imekwisha, ya siku nne za kusimulia.

Hiyo ndiyo iliyonikosesha usingizi, kufikiria ingekuwaje bila Mama Akello. Mama Akello alipofika kituoni, Salim alikuwa ameshakauka sauti kabisa, ananong'ona, na askari wamekaa tayari. Mkubwa alikasirika. Basi mama huyu asiyeongea, wa benchi la mwisho, akaweka kikapu chini. Akasema mwisho anaujua, fundi alishamwambia. Akasimama mbele yao, mumewe akiwemo, akausimulia wote kwa Kiswahili chake cha kambi za askari.

Salim ameniandikia haya kwa chaki juu ya kitambaa. Aliandika: *Anasimulia kuliko mimi.*

Alipomaliza, askari walimgeukia mkubwa wao. Mkubwa aliuliza swali moja. Je, Sajini alijua kuwa yule mlangoni ni maiti? Jibu hilo sikumpa. Halikuwamo.

"Alijua," Mama Akello alisema. "Lakini mtu amekugongea, utafanya nini? Unafungua."

Mkubwa aliinuka kitini. Kisha akaamuru Salim apewe viatu vyake.

Nimeuandika mstari huo daftarini. Si wangu. Ni bora kuliko yangu yote.

Jumamosi, 4 Oktoba

Watu wameanza kupita karibu na duka. Mmoja ameleta kola ya kugeuza. Salim anashona bila kusema. Hawaulizi kituo, wanauliza muuaji. Anawaonyesha koo lake, wanasikitika kwa ajili yao wenyewe.

Bi Nunu bado hajatoka.

Jumatatu, 6 Oktoba

Idi. Mwezi uliandama jana. Pilau kidogo, sukari hakuna, Salim na kanzu yake safi. Sauti imerudi nusu.

Asubuhi Bi Nunu alikuja, kiti kichwani. Alikaa mlangoni akalia bila kupangusa. Nilitaka kubaki na hasira yangu, haikukaa. Nikampa sahani. Salim akamsimulia mwisho peke yake, kwa sauti ya mkwaruzo, na mkasi. Alisikiliza hadi neno la mwisho. Akasema ni mwisho mzuri sana. Ila kama mwenye nyumba angejenga juu kidogo, maji yasingeingia, kwa hiyo muuaji ni yeye. Salim alicheka hadi akakohoa. Nadhani mama amesema kweli.

Alasiri nilipakua pilau kwenye bakuli, nikalifunika kwa kitambaa cheupe. Sikumwambia Salim ninakokwenda. Nilivuka hadi mtaa wa pili. Nyasi zimeota mbele ya kibanda cha fundi saa.

Nimechelewa mwaka mzima na sikuwa na la kusema. Nilibisha hodi. Ndani nikasikia kandambili zikija taratibu. Nikangoja.