Uvimbe wa Kushoto kwa Kitovu

Somanda,
Bariadi.
18 Januari, 2025.

Mpendwa mdogo wangu Januarius,

Mwangaluka. Hamjambo huko Songea? Mguu wa wifi Nancy umepona baada ya ile ajali ya bodaboda? Sisi ni wazima. Mvua imenyesha vizuri, pamba imeota.

Uliponipigia simu mwezi wa kumi ukasema sukari yangu haishuki kwa sababu nakula kwa kujificha, niliumia. Hata mwanangu Paschal alishafungia kopo la sukari kwenye sanduku lake. Nami nilikuwa nachoma insulini asubuhi na jioni bila kukosa! Dozi walikuwa wameongeza mara mbili, bado kipimo kilisoma ishirini na mbili. Nyayo zilikuwa zinawaka moto, macho yana ukungu.

Mwezi uliofuata nilimkuta kliniki muuguzi mgeni, Veronica. Hakunigombeza. Alinilaza, akanipapasa tumbo kwa vidole, vikasimama kushoto kwa kitovu.

"Mama, unachoma hapa kila siku?"

"Ndiyo. Hapa hapaumi."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa tatu huu."

Akaniwekea kidole changu pale. Uvimbe, mgumu kama raba. Akanieleza kwamba ukichoma pale pale kila siku panaota mafuta, panakufa ganzi, na dawa inakwama humo. Leo inatoka kidogo, kesho inatoka kwa wingi. Nililia pale kitandani, mdogo wangu. Nililia kwa sababu sikuwa nimemdanganya mtu.

Nikahama mahali pa kuchoma. Daktari alipunguza dozi kwanza, maana mahali pazima dawa huingia yote, sukari ingeshuka mno, ningeanguka. Hata hivyo siku ya tatu nilitetemeka, jasho likanitoka. Paschal alikimbilia sanduku lake, akanikorogea sukari ile ile aliyoificha. Tukarudi kliniki, wakapunguza tena.

Sasa wiki hii nachoma kulia, wiki ijayo pajani, kila sindano mbali na ya jana. Siku za palizi sichomi pajani, maana mguu ukifanya kazi dawa inaingia mwilini mbio mno. Panauma! Nang'ata meno, nachoma. Uvimbe siugusi, hata nikichoka. Juzi kipimo kilisoma nane.

Ulisema utakuja kunichukua nikauguzwe kwako. Asante, lakini sitoki. Shamba la kule Sola linanisubiri na jembe nalishika mwenyewe.

Nisalimie wifi Nancy, na Mwandu mwambie shangazi yake anamkumbuka. Paschal anakusalimu. Mungu awalinde kazini na njiani.

Pamba ikiisha kuvunwa, njoo. Utaniomba radhi mbele ya Paschal, nami nitapika. Tutakula sahani moja, mchana, mlango wazi.

Wako akupendaye siku zote,
dada yako Kwandu