Alama ya Mguu wa Kuku

Yeoville, Johannesburg

Kwako Yaya Angélique, dada yangu mkubwa, mama wa Ezéchiel,

Pokea salamu za mdogo wako ambaye hajakusahau hata siku moja. Vipi kifua, bado kinakubana asubuhi? Binti yako Murielle na kichanga chake wanaendeleaje? Habari za Bukavu zinatufikia huku vipande vipande, na kila kipande kinatunyima usingizi. Mimi mwilini ni mzima. Moyoni, Yaya, nimekwisha.

Barua hii anakuletea Victorine, yule msusi anayekaa chumba cha pili kutoka changu. Anarudi nyumbani kumzika mama yake. Nimemwomba aiweke mkononi mwako, si mwa mtu mwingine. Nimejaribu kukueleza kwa simu, lakini kila nikisikia sauti yako naanza kuuliza bei ya unga na kuaga haraka. Mwoga ni mwoga.

Mara ya mwisho tulipoongea ulinikasirikia. Ulisema bastola ni bastola, zote zinaua, sasa kwa nini mahakama inapoteza muda kuuliza bei ya hii aliyokuwa nayo mwanao? Kwa nini inasemwa ilitengenezwa kwa bei ya gari, wakati ya mlinzi mwenzake ni bei ya pikipiki kuukuu? Sikukujibu. Leo nakujibu, na ukimaliza kusoma utajua kwa nini nilikwepa.

Bastola ya bei ndogo hutoka kiwandani, vipande vyake vimekatwa na mashine, vikaunganishwa, basi. Ukiitikisa inalialia kidogo. Ya mashindano, ile ya watu wanaolenga vibao vya chuma siku za Jumamosi, inakuja kwenye karakana yetu ya Marshalltown kumaliziwa kwa mikono. Mtutu unachaguliwa peke yake. Sehemu ya juu inasuguliwa juu ya ile ya chini kwa mafuta na unga wa kusagia, nenda rudi, mpaka iteleze bila kuyumba hata unywele. Mpini unachongwa kufuata kiganja cha mwenyewe. Halafu kuna kifyatulio, pale kidole kinapovuta. Hapo ndipo pesa inapolala. Cha mlinzi kinataka nguvu, ili mtu asipige kwa bahati mbaya. Cha mshindani kinasuguliwa kwa tupa laini hata kidole kikigusa tu, tayari. Na juu ya yote hayo kuna jina. Mzee Kobus, patroni wangu mwenye karakana, jina lake likichongwa ubavuni, bei inapanda maradufu, ingawa macho yake yameisha na siku hizi anayesugua ni mimi. Kwenye karatasi mimi ni mfagiaji. Sheria inataka fundi aliyesajiliwa, na mimi ni mkimbizi mwenye kibali cha kuungaunga.

Wewe unalijua jambo hili kuliko unavyofikiri. Kumbuka soko la Walungu. Majembe yote yalifanana, lakini wamama walipita meza zote wakitafuta lile lenye mistari mitatu midogo chini ya shingo, mguu wa kuku, alama ya baba yetu mhunzi, na walilipa zaidi bila kununa.

Sasa hii ya Ezéchiel. Iliagizwa na daktari mmoja wa meno, mtu mwenye viganja vidogo kama vya msichana. Nilihangaika nayo miezi. Daktari akafariki kabla ya kuichukua. Bastola iliyochongwa kwa kiganja cha mtu ni kama suti iliyoshonwa kwa mwili wa marehemu: hata iwe nzuri vipi, hakuna anayeitaka. Mzee Kobus akamwuzia mwenye kampuni ya ulinzi kwa bei ya kutupa. Ni yule yule niliyempigia magoti amwajiri mwanao. Akaitia sandukuni pamoja na silaha nyingine za kazi, na Ezéchiel, mwenye viganja vidogo kama vyako, akakabidhiwa hiyo kwa sababu ilimkaa vizuri.

Siku ile mtaani Hillbrow vijana wawili walipigana mlangoni mwa duka alilolinda. Alitoa bastola awatishe. Ikalia. Ng'ambo ya barabara akaanguka Jimmy, Mrundi aliyekuwa akiuza nyanya, baba wa watoto. Tangu siku hiyo Ezéchiel anarudia neno moja, kwamba hakuvuta, aligusa tu. Polisi waliijaribu wakakuta kifyatulio ni chepesi mno. Mzee Kobus akaapa mbele ya hakimu kwamba aliagiza kifanywe kizito kabla ya kuuza, na kwamba aliambiwa kimefanywa. Mwendesha mashtaka akasema basi, mlinzi mwenyewe ndiye aliyekichezea ili aue upesi. Kwa hiyo mwanao anaitwa muuaji.

Mzee Kobus hakusema uongo, Yaya. Aliniagiza mimi. Niliikaza bastola kwenye jiliwa, nikashika springi nzito ya kukaza kifyatulio mkono mmoja na tupa mkono mwingine, nikashindwa. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Kuiharibu niliona kama kumchinja mtoto. Nikajidanganya kwamba yule tajiri ataitumia mwenyewe kwenye shabaha. Nikairudisha ilivyokuwa, nikamwambia mzee tayari. Na ujinga wangu haukuishia hapo. Chini ya mpini, mahali pasipoonekana, nilichora mguu wa kuku wa baba. Niliona uchungu kazi yangu yote kubeba jina la mwingine.

Juzi mahakamani walionyesha picha ya alama hiyo, wakamwuliza Ezéchiel kama anaijua. Aliitazama. Akageuka kunitafuta kwenye viti vya nyuma, tukaangaliana. Mtoto aliyekua akilima kwa jembe la babu yake! Akainamisha kichwa akasema haijui. Nilipomtembelea gerezani nilianza kulia kabla ya kusema lolote. Akanituliza yeye, mimi mtu mzima. Akaniambia, Tonton, mjomba wangu, nyamaza tu, eish, wakikushika na wewe mama atakula nini?

Sikunyamaza. Jana nilikwenda kwa wakili wake nikamwambia yote. Alinisikiliza vizuri, kisha akasema hakimu hataamini. Ataona mjomba anayejitupa motoni kumwokoa mpwa wake. Alama kama ile, alisema, mtu yeyote anaweza kuichora na kudai ni yake. Mzee Kobus naye hawezi kunitaja bila kukiri kwamba alimficha fundi asiye na haki ya kugusa silaha. Kinatakiwa kitu cha zamani, chenye alama hiyo, kinachotoka kwenye nyumba yetu.

Yaya, jembe la baba liko nyuma ya mlango wa jiko lako. Lifute udongo, ulifunge kwenye kitenge, umpe Victorine arudi nalo. Najua ninachokuomba. Ukilitoa, mimi ndiye nitakayekaa pale alipo mwanao, na pesa ya mwisho wa mwezi itakatika. Ukilificha, sitakulaumu, lakini pesa yangu itakuwa mezani kwako kila mwezi na mwanao hayupo. Sina uwezo wa kuchagua badala yako, ila nakusihi kwa machozi: chagua kama mama, usichague kama dada.

Nisalimie Murielle, umbusu mtoto kwa niaba yangu. Kaburini kwa baba usimwambie kitu kwanza. Victorine atakaa huko mpaka mazishi yaishe, naye atapita kwako akiwa njiani kurudi. Usimpe barua ya kunijibu. Akishuka kwenye basi nitaangalia mikono yake tu.

Ni mimi mdogo wako uliyenibeba mgongoni,

Firmin