Dripu ya Kiunoni

Matombo,
6 Aprili 1976

Mume wangu Ignas,

Hujambo? Umekula? Sisi wa mlimani wazima, ingawa mvua inatupiga hadi vitanda vinataka kuota uyoga. Mgonjwa ni mguu wangu tu, mimi mwenyewe simo.

Najua umeshasikia hapo hospitalini kwamba bibi yako katoroka. Kweli, nimetoroka. Mwalimu Dadi wa kisomo ndiye anayeshika kalamu, na nimemwambia aandike ninavyosema, asinitilie sukari.

Daktari Mkuu wenu kasema mfupa wa muundi umeoza. Nilale nimetundikiwa dripu hadi mavuno, la sivyo mguu ukatwe. Nikamwuliza, na Semeni je? Akaniuliza Semeni ni ugonjwa gani.

Dada yako yumo ndani tangu alipovunja ungo. Wewe unajua, mwali wa kwetu hutolewa na bibi mzaa mama, naye awe amesimama kwa miguu yake miwili. Nisipomtoa mavuno haya, atakaa gizani mwaka mwingine. Sikubali kulala, na sikubali kukatwa.

Wewe ni fundi wa vyombo vya hospitali. Nitengenezee dripu inayotembea.

Bibi yako,
Martina

Morogoro mjini,
19 Aprili 1976

Shikamoo Bibi,

Sijambo, nakula, ila usingizi umenikimbia tangu walipokuta kitanda chako kitupu na mto umefunikwa shuka kama mtu. Rudi, nakuomba. Mfupa hauna utani.

Dripu hutundikwa juu kwa sababu dawa inashuka kwa uzito wake. Ukiiteremsha kiunoni inasimama, na damu inarudi kwenye mrija. Ila nina jambo nimelianza. Nimejaza maji kwenye mfuko wa mpira. Mpira ukishatanuka unataka kunywea, basi unayasukuma wenyewe kidogo kidogo kwenye mrija mwembamba, hata mtu akiinama. Nimeufunga kwenye mkanda wa suruali yangu, nikashinda nao karakanani, maji yakidondokea chupani hadi jua likazama.

Nilimwonyesha Daktari Mkuu. Akasema, "Mgonjwa ni mtu wa kitandani. Anayetembea kapona."

Mjukuu na mume wako,
Ignas

Matombo,
2 Mei 1976

Mume wangu,

Marahaba. Afya yako sasa naiuliza kwa hasira: unalala?

Mpe salamu daktari wako. Mwambie nimezaa watoto saba, watatu shambani, na hata siku hizo sikuwa mtu wa kitandani.

Huu ukindu ndani ya barua una mafundo mawili. La kwanza ni kiuno changu, la pili kiuno hichohicho nikiinama na jembe. Usikate mkanda mfupi kwa kudhani bibi yako kakonda. Nesi Jane wa zahanati atanichoma sindano na kujaza dawa kila asubuhi. Alisema anaogopa. Nikamwambia aogope huku akifanya kazi.

Bibi yako

Matombo,
8 Juni 1976

Ignas,

Hujambo? Salamu kwanza, ugomvi baadaye.

Chombo chako kilifika, na kwa wiki mbili tulipatana. Juzi nusura kinizike. Nilikwenda kupalilia mahindi, nikajifunga kibwebwe juu yake, nikakaza kama nilivyozoea, hadi pumzi iombe ruhusa. Dawa ya kutwa nzima ikaniingia kabla maharage hayajachemka. Moyo ukapiga ngoma, masikio yakalia nzige. Jane alipoitwa alipanda kilima mbio, akachomoa sindano huku analia, "Mama, hicho kibwebwe! Kinaukamua mpira!"

Nami nina kosa langu. Alishanionya nisikibane, nikamjibu kiuno ni changu. Lakini na wewe! Ulikipima juu ya suruali. Mwanamke gani wa huku anashika jembe bila kibwebwe? Wewe mwenyewe umelelewa mgongoni pangu ukikipiga teke hichohicho.

Usiache. Nikisikia umeacha, nakupa talaka.

Bibi yako

Morogoro mjini,
25 Juni 1976

Shikamoo Bibi,

Unaendeleaje? Moyo umetulia? Nilipoisoma barua yako nililia, na sioni haya kusema. Nisamehe.

Daktari Mkuu kapata habari. Kaamuru chombo kirudi, na gari litakuja kukuchukua. Mimi nimeitwa mbele ya kikao tarehe 2 Agosti, huenda nikafukuzwa. Bibi, kwa neno moja ana haki: ungekufa.

Nimetengeneza ganda la bati. Mpira unakaa ndani, kibwebwe kinabana bati, mpira hauguswi. Safari hii nilijifunga kibwebwe mwenyewe, nikalima bustani ya karakana kutwa. Mafundi walicheka wakaniita mwali. Maji hayakuongeza mwendo. Jane, aliyekuja mjini kuchukua dawa, atakuletea pamoja na barua hii. Kukivaa au kukirudisha, sema wewe. Mimi sitakulaumu.

Mjukuu wako,
Ignas

Matombo,
26 Julai 1976

Mume wangu,

Hujambo, wewe mwali wa karakana? Huku mahindi yameingia ghalani na watu wameshiba.

Gari lilikuja. Dereva alinikuta shambani, akaniuliza yuko wapi mgonjwa Martina. Nikampa mahindi ya kuchoma, nikamwambia mgonjwa hayupo. Kila asubuhi redio inahimiza kujitegemea. Mimi nikijitegemea naitwa mtoro!

Jumamosi nimemtoa Semeni. Nilisimama kwa miguu miwili, kibwebwe juu ya bati, na kila ngoma ilipopigwa bati nalo likaitikia. Dada yako alifumba macho kwa jua, kisha akacheka. Kidonda cha mguuni kimefunga. Jane kaubonyeza muundi, sikupiga kelele, nikambonyeza na yeye. Anasema dawa bado wiki mbili, na nitazimaliza.

Hicho kikao nakuja. Jane naye anakuja, atasema yote aliyoyaona, na siku ile niliyotaka kufa pia ataisema. Hatufichi. Nitateremka mlima kwa miguu yangu, chombo chako kiunoni, dawa inaingia, na huyo daktari anitazame vizuri.

Waambie waandae kiti. Kitanda wasitandike.

Bibi yako,
Martina