Betri Zilizoanikwa

Baba Romana,

Nimekwenda shuleni kuchukua alama za mtihani, mchana narudi kuzipigia hesabu. Viazi viko kwenye sufuria, nimevifunika. Kipande cha sabuni ndicho hicho kimoja, usikiache kwenye maji.

~~Kalkuleta yangu usiiguse kabisa.~~ Iguse mara moja tu, nitakueleza hapo chini.

Najua ulitaka kunisaidia. Betri ndogo za kalkuleta hazipatikani hata Arusha, ndiyo maana niliiunganisha kwa waya na betri kubwa za tochi. Wewe ukaona zimechoka, ukazichomoa alfajiri na kuzianika juu ya bati kama za redio. Lakini mashine hii ikikosa umeme hata dakika moja, inasahau yote niliyoifundisha. Hatua tisini na mbili za kupigia hesabu, Baba Romana! Ndiyo maana nilinuna, chai ikapoa, nikatoka bila kukuaga; niliporudi hukuwepo. Kuanzia leo, wewe anika mahindi.

Hata hivyo betri zimepata nguvu kweli, nimezirudisha. Hatua zote nimeziingiza upya kutoka kwenye daftari, halafu nikaongeza chache kwa ajili yako. Sogeza redio karibu kabisa na kalkuleta, tafuta mahali pasipo na stesheni, kisha bonyeza kile kitufe nilichokibandika kifungo cha shati lako. Redio itapiga mluzi kila mashine inapofikiri.

Mluzi huo ndio kwaheri niliyokunyima asubuhi.

Mama Romana
(nimeshaacha kununa)