Siku Niliyokujibu "Bado"

Kwako mama Atija, popote ulipo,

Asalaam aleikum. Ni mimi Maryamu, yule nesi uliyekuwa ukiniita mwanao wa Pemba nyingine. Najua husomi, na anwani yako sina. Naiandika barua hii wazi ili yeyote atakayefika huko kwenu Msumbiji akutafute akusomee.

Kwa ajili ya huyo atakayekusomea, nieleze kwanza mimi ni nani. Mie ni muuguzi wa kituo cha afya huku Ole, kisiwani Pemba, na kazi yangu hasa ni kusafisha na kufunga vidonda. Kikundi cha madaktari wa kujitolea kilipotafuta wauguzi wanaosema Kiswahili waende kwenye kambi za watu waliokimbia makwao kaskazini ya Msumbiji, niliomba likizo nikaenda. Mji tulioshukia nao unaitwa Pemba. Baba yangu mdogo alinisindikiza uwanja wa ndege huku akicheka, akaniuliza safari gani hii ya kutoka Pemba kwenda Pemba. Nikacheka naye. Nilikuwa na begi zima la bendeji na shashi, na nilidhani nimejitayarisha.

Waliokuleta walikubeba kwa shuka, siku yangu ya tatu kambini. Mguu wako wa kulia ulikuwa umevimba mpaka gotini. Mzizi wa mkoko ulikuchoma siku watu wenye silaha walipoingia kijijini kwenu mkakimbilia mikokoni, nawe ukautembelea hivyo hivyo siku nyingi. Wenzangu walihitaji mkalimani. Mie nilikusikia mwenyewe, kwa sababu Kimwani chenu, ukikisema polepole, nakipata kama ninavyompata bibi yangu wa kijijini Msuka akikasirika. Nilikuuliza kama panauma. Uliniuliza kama nimemwona Rehema.

Rehema ni mjukuu wako, miaka tisa. Mama yake alifariki siku ya kumzaa, nawe ukamlea kwa uji na kwa maziwa ya jirani. Ana kovu la moto kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, la siku aliyopindua sufuria. Mlipita mikokoni mmeshikana mikono, watu wakasukumana, na ulipogeuka hukuwa na mtu. Haya uliniambia mara moja tu, tena ukiwa unaitazama bendeji, si mimi.

Wiki tano nilikifunga kidonda kile kila asubuhi. Ulikuwa unakuja mapema kabla foleni haijawa ndefu, unakaa kwenye lile benchi la mbao, unaunyoosha mguu na kuuliza, "Leo wamekuja wageni?" Wageni ni wale waliokuwa wakiingia kambini wapya, wakiwa na mabunda kichwani au hawana kitu. Nilikuwa nikimuuliza kila mmoja aliyefika kwenye hema letu: umemwona mtoto wa kike, jina lake Rehema, ana kovu hapa? Nilionyesha mkono wangu mwenyewe. Mwisho wenzangu wakajifunza swali hilo kwa Kimwani, wakawa wanaliuliza kwa lafudhi zao, na ukiwasikia ulikuwa unacheka.

Maana ulikuwa unacheka, mama, nisije nikakuandika kama mtu wa kilio tu. Ijumaa moja ulikuja na kijiwe na kipande cha mti wa msiro, ukasaga ukanipaka uso mzima mweupe. Nilikwambia kwetu tunapaka liwa. Ukaninusa shavu, ukasema liwa ni ya wanawake wenye nafasi. Nilizunguka na dripu siku ile nikiwa na uso mweupe kama bibi harusi, na wagonjwa wakapata la kusema.

Halafu ikaja ile habari ya kwanza. Mwanamke mmoja alisema upande wa mwisho wa kambi kuna Rehema, kaletwa na jirani. Sikuuliza mengi. Nilikimbia kukwambia, ukanyanyuka na bendeji nusu, tukaenda pamoja kwa jua lile, wewe ukichechemea na kukataa mkono wangu. Tulipofika, alitoka mtoto mwengine kabisa. Alikuwa mdogo, wa miaka mitano, akatutazama kwa hofu. Ulimshika kichwa ukamuombea dua, tukarudi. Siku mbili hukula. Kidonda kilichoanza kufunga kikafunguka tena, na mie nikakisafisha nikijua nani aliyekifungua. Hapo nikaapa moyoni kwamba sitakuletea habari nyengine mpaka nimemwona mtoto kwa macho yangu.

Kiapo hicho ndicho kilichonifikisha hapa.

Jumanne moja ya wiki ya tano aliingia mwanamke aitwaye Muanacha, msusi wa mikeka, na homa kali. Nilimuuliza swali letu kwa mazoea. Akasema ndiyo, katika kambi ile alikotoka, ya bara, karibu na daraja la mto, kuna mtoto anaitwa Rehema, ana kovu la moto mkono wa kushoto. Amepokewa na mzee mmoja anayesomesha watoto Kurani. Nikamuuliza umri. Akasema kama miaka kumi na miwili. Wako ana tisa. Nikakaa kitako chini, sijui nicheke au nilie.

Nilimwendea kiongozi wetu, daktari mtu mzima, mpole, nikamuomba gari. Aliniambia Alhamisi kuna gari la dawa linakwenda huko, nitapanda. Ilikuwa siku mbili tu. Nikasema moyoni, siku mbili si kitu, nitamwona, na nikimwona nitarudi naye au nitarudi na picha yake.

Jumatano asubuhi ulikuja kama kawaida. Ulinyoosha mguu. Kidonda kilikuwa kizuri siku hiyo, chekundu na kisafi. Ukauliza kama wamekuja wageni.

Nikakujibu, "Bado."

Nilikujibu huku nimeinama, nakata plasta. Ukasema inshallah kesho, ukajifunga kanga yako, ukaenda zako.

Mchana wa siku hiyo tulipewa amri ya kuondoka. Barabara ilikuwa haina salama tena, na wageni wote wa nje walitakiwa watoke ndani ya saa moja. Niliacha hata viatu vyangu vya akiba. Nilimuomba kiongozi anipe dakika kumi nikimbie kwenye kibanda chenu. Alinishika bega. "Maryamu, nikikuruhusu wewe, kila mmoja hapa ana mtu wake," akasema. Nilimtazama nikaona naye machozi yanamlenga. Nilitafuta mfanyakazi yeyote wa kambi nimwachie ujumbe, na kila niliyemwona alikuwa anafunga hema au anatafuta watoto wake.

Gari letu lilipita penye foleni ya maji, nikakuona. Ulisimama na ndoo. Nawe ukaniona, ukanyanyua mkono kama ulivyozoea tulipokuwa tukienda mjini kuchukua dawa. Hukujua kama tunaondoka moja kwa moja. Niliteremsha kioo nikapiga kelele. Nilitaka kusema kambi ya bara, daraja la mto, mzee wa Kurani. Yote hayo yalikuwa mdomoni, lakini injini ilinguruma na vumbi likaingia, na neno lililotoka ni moja tu, jina lake.

Ulilisikia. Najua ulilisikia kwa sababu uliiacha ndoo ikaanguka, ukaanza kulifuata gari kwa mguu ule nilioufunga asubuhi. Nilimuomba dereva asimame. Hakusimama, mbele na nyuma yetu kulikuwa na magari. Nilikuangalia mpaka vumbi likakufunika, na mara ya mwisho nilipokuona ulikuwa bado unakuja.

Sijui ulielewa nini. Pengine ulidhani nimemchukua. Pengine ulidhani nakwambia amekufa. Hili ndilo ninaloamka nalo na kulala nalo.

Nimerudi Ole. Sheha, mkuu wa mtaa wetu, alinikaribisha skuli niwaeleze wanafunzi habari za kujitolea, wakanipigia makofi, na mie nikawaeleza namna ya kufunga bendeji kwa sababu sikuweza kueleza jengine. Nimepiga simu kila nilikopewa namba. Kikundi kilichokwenda baadaye kinasema kambi yenu imehamishwa, na watu wametawanyika. Mmoja alinisikiliza kwa upole, akaniambia dada, akina Atija ni wengi mno huku. Nilimwambia huyu ana kidonda mguu wa kulia. Akaniambia hao nao ni wengi.

Hapa kazini nafunga vidonda vya wakulima waliojikata kwa mapanga na vya watu wazima wenye sukari. Mikono inafanya kazi yake. Mgonjwa akiniuliza kitu kidogo tu, kama dawa imefika, nikitaka kusema "bado", ulimi unakuwa mzito, basi namwambia dawa hakuna, niseme yote kwa mara moja.

Mama, sikukunyima habari kwa ubaya. Nilitaka nikukinge, na sikuwa na haki hiyo. Mtoto ni wako, na matumaini yalikuwa yako pia, hata kama ni ya uongo.

Basi sikiliza sasa, nawe unayemsomea, soma polepole. Kuna mtoto anaitwa Rehema, ana kovu la moto mkono wa kushoto. Alikuwa kambi ya bara, karibu na daraja la mto, kwa mzee anayesomesha Kurani. Aliyemwona ni Muanacha, msusi wa mikeka. Umri alioutaja haukulingana, na pengine kambi hiyo nayo imehama. Pengine siye. Sijamwona kwa macho yangu, na sitaweza kumwona.

Nenda ukamwangalie mwenyewe.

Mungu akupe mguu wa kukufikisha.

Mwanao,
Maryamu wa Ole